Povu Kwenye Kisigino cha Tonton

Jumatatu, 4 Mei 1987
Tonton Apollinaire, mjomba wangu, amemwaga tena eau oxygénée, ile dawa ya kuoshea vidonda, kwenye lile doa jeusi la kisigino chake. Povu likapanda. Akaita majirani waje kuona. "Kansere iko inakufa," akawaambia.
Mimi ndiye niliyemwambia inaweza kuwa kansere. Naandika mémoire yangu ya kumaliza chuo kuhusu hiyohiyo, kansere ya ngozi. Nilitaka aogope, aende hospitali. Hakuogopa — alinunua chupa.

Jumatano, 6 Mei
Nimemweleza wakati wa kula. Povu si kufa. Seli zinajitetea: zinaivunja dawa, inabaki maji na hewa. Na hizi za kansere zimejiwekea akiba ya kinga, glutathione nyingi, inameza sumu kabla haijaunguza kitu.
Tonton anauza sabuni kwa jumla pale Makiso. Akaacha kutafuna lituma yake ya ndizi. "Bon. Donc iko na dépôt."
Ndiyo, tonton, nikamjibu. Dépôt, ghala kama lako.
"Na stock haimalizike?"
Zikiona hatari, zinatengeneza nyingine.
Akatikisa kichwa kwa heshima. Mama Kasoki, mke wake, akasema hajawahi kusifiwa hivyo tangu aolewe.

Ijumaa, 8 Mei
Nimemwambia doa likatwe hospitali. Hataki. Tarehe 20 ni sikukuu ya chama, na yeye ndiye anayeongoza ngoma za animation, za kusifu chama, za mtaa wetu. Nani atacheza mbele?
Mama Kasoki akasema: mimi. Akavaa abacost ya tonton, suti yake ya chama, akazunguka uwanja akitingisha tumbo kama yeye. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Tonton hakucheka. Baadaye akaniuliza, polepole, hospitali wanafungua saa ngapi.

Jumatatu, 11 Mei
Hospitali. Tonton amemfundisha daktari mambo ya dépôt kabla hata ya kuvua kiatu. Daktari, kijana wa Bengamisa, amesikiliza kwa adabu. Ameangalia kisigino: kitakatwa kipande, na kucheza atacheza, ila si mwaka huu. Tonton akauliza kama kile kipande atapewa, akionyeshe majirani. Nimecheka peke yangu hapa kwenye kiti cha kona, daftari magotini.
Sasa amelazwa chali. Daktari anabonyeza kwenye kinena, anatafuta uvimbe — kansere ya mguu ikianza kusafiri hupitia hapo.
"Docteur, unanitekenya." Tonton anacheka mpaka kitanda kinalia.
Daktari amehamia upande wa pili. Amerudi upande wa kwanza. Hacheki. Ameniuliza mimi, si tonton, doa lilianza lini. Vidole vyake bado viko palepale.