Furshi Laini kwa Ajili ya Mama

Baba,

Nimebadilisha furshi ya pikipiki yako, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Najua ungenuna. Vile vipande vya bomba ulivyoshindilia ndani ya resori, yaani springi zake, ili isiiname ukipakia magunia ya mahindi, fundi alivitoa kwa nyundo, na mimi nikasimama pale gereji kwake Katuba nikilia mbele ya wateja wake.

Ulikuwa mkaidi, Baba. Kila mama aliposhuka kwenye pikipiki kutoka shamba la Kasungami amejishika kiuno, ulikuwa na jibu lako moja, ukiiita pikipiki moto: "Moto ni ya kubeba, haiko kitanda." Tulicheka. Mama naye alicheka, halafu akaenda kujipaka dawa.

Kisha ukaugua, nami nikakubeba kwenda hospitali. Wewe ambaye hukuwahi kumwachia mtu usukani, siku ile ulikaa nyuma, umenishika mabega. Kila shimo nilikusikia ukiguna. Tulipokaribia lami ukaniambia sikioni huku ukilia, "Kumbe njo vile mama yako alikuwa anateseka." Mimi nilikuwa nakwepa mashimo. Nilidhani ukipona utamwambia mwenyewe. Hukurudi nyumbani.

Resori za nyuma hazikunisumbua kuchagua. Za mbele ndizo zilizonikalisha kwa fundi tangu asubuhi. Alitaka nichukue furshi nene, kama za wale wanaobeba mizigo ya Kambove. Ile nyingine, alisema, ni laini mno, itanipunguzia mizigo ya kubeba. Nikamwomba afunge moja tuijaribu, kisha nyingine, lakini aendeshe yeye na mimi nikae nyuma. Alinishangaa sana, maana watu hujaribu pikipiki wakiwa wameshika usukani. Nilikaa mahali pa mama, Baba, na ile nene ilinitoa machozi. Nikachukua laini. Siku hizi gunia la pili silipakii, narudi kulifuata.

Juzi nilimpeleka mama Kasungami. Alishuka akasimama wima, akajigusa kiuno kwa mazoea tu. Halafu akaniuliza kama wewe ulikuwa unajua anavyoumia. Nikamwambia ulichosema njiani. Alikaa kwenye tuta la viazi.

"Angeniambia ye mwenyewe," akasema.

Najuta sikumleta mama hospitalini jioni ile ile, nikijua una neno lake kifuani. Niliona siku bado zipo. Naumia, Baba, kwamba lilinifikia mimi, niliyekuwa nimekugeuzia mgongo, na si yeye.

Jana, akimenya mihogo, aliniuliza tena ulisemaje hasa, na kwa sauti gani.

Lala salama, mkaidi wangu. Pikipiki yako haitakuwa ngumu tena mikononi mwangu. Na mama akiniuliza, hata kama ni kila siku, sitachoka wala sitaongeza neno. Nitamwambia hivyo hivyo ulivyosema, na kwamba ulikuwa unalia.

Binti yako,
Zaina