Chungu Kilichosagwa Kebumari

Nyarero,
Tarime.
21 Juni 1991.

Mpendwa mwanangu Simioni,

Nakusalimu wewe, mke wako Gati na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Tabora, na kwamba kifua cha Marwa kimepona. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayajanisikiliza tangu masika yaanze. Mama yako, wifi yangu Rhobi, ni mzima wa mwili. Shikamoo yako naipokea, ingawa umepitisha miezi mingi bila kuiandika.

Baada ya salamu, nakuomba uketi. Nimekasirika. Niliiacha kalamu mezani siku kadhaa nikidhani hasira itapungua. Haikupungua, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Nilikwenda Kebumari siku ya vyungu, kama ninavyokwenda kila mwaka masika yakikatika. Wanao hawajapaona, basi wasomee sehemu hii. Ndani ya zile kuta za mawe ambazo mababu zenu walizipanga bila udongo wala saruji, ili wezi wa ng'ombe washindwe, haishi mtu tena. Lakini siku ile panajaa. Wafinyanzi wa upande wote ule huleta vyungu vyao vya kwanza vya kiangazi, wasusi huleta vikapu na nyungo, na kila chungu kipya hutiwa maua ya porini yaliyochumwa juu ya udongo uliotumika kukifinyanga. Hakuna chungu kinachouzwa kitupu. Mnunuzi akiuliza maua yametoka wapi, mfinyanzi humtajia mahali hapo bila kuficha, kwa kuwa ndivyo mnunuzi anavyoujua udongo anaoupeleka jikoni kwake. Maua madogo meupe ni ya udongo wa kijitoni, unaofaa mitungi ya maji. Ya njano ni ya mteremko wa baba yako, na udongo wake ndio unaovumilia moto. Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri, na maua yalikuwa yameota hata kwenye nyufa za kuta.

Mama yako alikuwa amekaa karibu na lango, mahali pake pa siku zote. Mwajuma, yule muuza vyombo wa Mugumu anayenunua kwake tangu ukiwa mtoto, alifika mapema na kuanza ugomvi wao wa kila mwaka.

"Rhobi, chungu chako cha mwaka jana kilinipasukia."

"Kilipasuka chenyewe, au mlikigombania wewe na mke mwenzako?"

"Mke mwenzangu ana adabu kuliko wewe. Kilipasukia jikoni."

"Basi jiko lako lina hasira kama mwenyewe. Chukua viwili, kimoja cha kupasuka na kimoja cha kupikia."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nakuandikia kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho nilichokisikia kwa mama yako.

Sasa nije kwa rafiki yako Machage. Alifika nyumbani kwa mama yako kabla ya sikukuu, akasema kwamba mmefanya kazi pamoja relini, kwamba ndiwe uliyemwelekeza, na kwamba anapenda vitu vya asili. Alitaja jina la mkeo na la kila mtoto. Kwa hiyo mama yako alimchinjia kuku, akampa kitanda chako na maji ya moto ya kuoga. Siku ya vyungu Machage alimbebea mzigo mpaka langoni, na mama yako akamshukuru Mungu kwamba mwanawe ana marafiki wenye heshima.

Mwajuma alipoondoka, Machage alichuchumaa mbele ya vyungu vyenye maua ya njano. Alikigeuza kimoja kwenye jua. Unajua vinavyometameta. Vilimetameta hivyo mikononi mwa nyanya yako, na hakuna aliyewahi kujiuliza zaidi.

"Mama, umekipaka nini?"

"Sikukipaka kitu, baba. Ndivyo udongo ulivyo."

"Na haya maua umeyachuma wapi?"

Akamwambia. Ng'ambo ya kijito, chini ya jiwe lililopasuka, kwenye mteremko wa marehemu mume wake. Alimwambia kama anavyomwambia kila mnunuzi, kwa sauti, akitabasamu. Machage alilipa bila kuomba apunguziwe, akatoka nje ya ukuta na chungu chake. Maua aliyaacha chini.

Haukupita muda tukasikia Mwajuma anaita kutoka nje, alikokuwa akipakia vyombo vyake kwenye lori.

"Rhobi! Njoo uone mteja wako anavyokipika chungu chako!"

Tulitoka. Rafiki yako alikuwa amekivunja. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya ukuta, anasaga vigae juu ya jiwe kwa jiwe jingine, na unga wake anautikisa na maji ndani ya karai, kama wafanyavyo wachimbaji wa dhahabu. Chungu kilichotoka motoni wiki ile ile kilikuwa tope jekundu. Mama yako alisimama akatazama.

Mimi nilisema. "Wewe mura, kijana mzima, ulichonunua ni chungu au ni mtama?"

"Shangazi, nimeshalipa. Chungu ni changu."

"Hicho kinachong'aa ni ulanga, si dhahabu. Haununuliwi na mtu yeyote."

Alicheka, Simioni. Alinicheka usoni huku mikono yake imejaa kazi ya mama yako, kisha akasema, "Shangazi, na kule Nyamongo wazee walisema hivyo hivyo kabla dhahabu haijatoka."

Unajua jinsi hali ilivyo huku kwetu tangu dhahabu ianze kuwatia watu wazimu. Vijana wameacha majembe ya ng'ombe shambani na mtama umeliwa na ndege. Kila jiwe linaloakisi jua lina watu juu yake wenye sururu. Hayo tumeyazoea. Ambacho sikukizoea ni mtu kula kuku wa mwanamke, kulala kwenye kitanda cha mwanawe, halafu kumtumia adabu yake kama ramani.

Jumatatu iliyofuata Machage alirudi na kundi la watu. Walifyeka maua yote ya mteremko ule kwanza, ili waone ardhi, kisha wakachimba. Wewe ulikwenda pale na mama yako ukiwa mdogo, kwa hiyo unajua kwamba udongo ule hauko popote tu. Ni mkanda mwembamba chini ya udongo mweusi, na wanawake huuchota kidogo kidogo, kisha hulifukia shimo ili mvua isiuchanganye na mchanga. Hawa waliukata mkanda ule kama mkate, wakaufukia kwa kifusi cha mawe na changarawe. Udongo uliochanganyika na changarawe hupasuka motoni. Mama yako amejaribu. Alifinyanga vyungu kutokana na alioweza kuuokoa, akavichoma, na vyote vilipasuka kabla moto haujapoa. Udongo wa kijitoni haufai kwa vyungu vya kupikia. Mwingine hakuna. Wafinyanzi wote wanaoleta vyungu Kebumari wanautegemea mteremko ule, na dhahabu haijaonekana hata chembe.

Siku hizi mama yako huamka asubuhi, huenda pale, hukaa kando ya mashimo, na huokota mabonge ya udongo safi kutoka kwenye kifusi kwa vidole. Wale vijana humrushia maneno. Mmoja alimwambia, "Mama, ukiokota dhahabu tugawane!" Huweka mabonge yake kwenye kikapu, na jioni huwa hayajazi hata nusu yake.

Nilimchukua tukaenda kwa Selestine, mwenyekiti wa kijiji. Nilitarajia kwamba atawafukuza watu wale siku hiyo hiyo. Badala yake alikuna shingo.

"Shangazi, Machage anasema Simioni ndiye aliyempa ruhusa. Anasema wamekubaliana."

"Umemwona Simioni hapa?"

"Sijamwona. Lakini ardhi ni ya marehemu, na marehemu alimwachia mwanawe. Neno la mama peke yake halitoshi."

Hapo mama yako akafungua kinywa. "Selestine, pombe ya harusi yako ilichachukia ndani ya vyungu vyangu. Leo hujui ule udongo ni wa nani?"

"Najua, mama. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Mimi nimefundisha darasani miaka mingi, na utaratibu naupenda kuliko Selestine. Lakini utaratibu unaomwambia mwanamke aliyechota udongo mahali pamoja tangu aolewe kwamba lazima mwanamume aliyeko Tabora aseme kwanza, huo nautazama kwa macho makavu na kuuita jina lake: ni uonevu. Hata hivyo ndio uliopo. Serikali ya kijiji itakaa Jumatano, tarehe 10 Julai. Mwenye ardhi akisimama mbele yao akakana, watu wa Machage watafukuzwa na mashimo yatafukiwa. Asiposimama, watapewa mteremko wote, mpaka kwenye lile jiwe, na siku ya vyungu haitakuwapo tena kwa maana hapatakuwa na chungu.

Kwa hiyo nakuuliza, na nataka jibu lililonyooka. Je, ulimtuma? Ulipomweleza kuhusu mama yako na maua ya njano, ulikuwa unapiga soga tu na mwenzako baada ya kazi, au ulijua anatafuta nini? Mliahidiana kitu? Ikiwa ametumia jina lako bila wewe kujua, basi umetukanwa, na inakupasa ukasirike kuliko mimi. Ikiwa ulijua, njoo useme hivyo mbele ya mama yako, ukiwa umesimama, naye akutazame. Usimtume mtu. Usiandike. Selestine amekwisha kusema kwamba mtu yeyote anaweza kuandika barua.

Usiniambie kuhusu likizo. Reli ilikuwapo kabla yako na itakuwapo ukirudi. Usiniambie kuhusu nauli pia. Ukikosa, mwambie Gati auze kile kitanda cha pili ambacho mlinisifia.

Habari nyingine ni chache. Kanisa la Nyarero limeezekwa upya upande mmoja. Ng'ombe wangu mweusi amezaa dume. Binamu yako Agness amefaulu mtihani wake wa ualimu, na huyo angalau amenifurahisha.

Nisalimie Gati, na umwambie kwamba sina ugomvi naye. Nisalimie Marwa, na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Agness na majirani wote wa hapa wanawasalimu.

Jambo la mwisho. Mama yako alijua kwamba nakuandikia. Alikuja hapa Jumapili, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akaniomba nikupe salamu zake na nisikuambie lolote juu ya mteremko. Alisema, "Wifi, usimwandikie hayo. Ataacha kazi yake aje bure, na huku njiani kuna baridi." Nilimwambia kwamba nitakuandikia yote, akaenda zake. Yeye atakusamehe hata usipokuja. Ameshaanza. Ndiyo sababu nimeandika mimi, ambaye sitakusamehe.

Mungu akulinde safarini, kwa kuwa natarajia kwamba ukimaliza kusoma hapa utakuwa unafunga mzigo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na nikungojaye,

Verdiana