Shofaji ya Baba Mdogo

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Nyamugari sote tu wazima. Bibi yako anakusalimu sana, na mbuzi wake amezaa mapacha. Umeniuliza gari lako kuukuu linaondoaje ukungu kwenye kioo cha mbele. Mimi nilijifunza siku tuliyokwenda Butihinda, kule Muyinga, kumposa bibi yako.

Baba yangu mdogo ndiye aliyeendesha. Tulikuwa wanaume wanne wenye suti, nje mvua, na yeye hakunyamaza tangu Gitega. Kioo kikawa cheupe kabisa, nusura tuingie mtaroni.

"Mvua gani hii!" akalalamika.

"Baba mdogo, ukungu uko ndani," nikamwambia. "Ni pumzi zetu."

Badala ya kunyamaza, akafungua shofaji, kile kipasha joto cha gari. Maji ya moto ya injini yakapita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hewa hapo, nayo ikapanda kiooni ikiwa ya moto. Ukungu ukakauka kuanzia chini. Kumbe panya walikuwa wamejenga humo! Pamba na maganda ya karanga vikaturukia usoni.

Tulifika tukitiririka jasho, ndevu za baba mdogo zimejaa pamba. Mwenye nyumba akashangaa: "Mbona jasho na baridi hii?"

"Ni mapenzi, mzee," akajibu baba mdogo.

Nyuma ya pazia msichana akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimekariri maneno mazuri ya posa njia nzima. Sikuyahitaji.

Akupendaye,
Babu