Soksi za Zabroni

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Yustina,

Kibondo mvua imeachia? Mimi hapa Kasulu bado natetemeka kwa baridi, hata anayeniandikia ananicheka. Zile soksi za nailoni ulizomnunulia mjukuu mwenzako Zabroni kwa mashindano ya baiskeli, nilizifua nikazianika juu ya moto, kama tunavyokausha kila kitu masika. Kugeuka, Mungu wangu! Zinadondoka kama nta! "Bibi," akalia, "viatu vitanichuna visigino!" Nikampa zangu za pamba, nilizotunza nizikwe nazo. Jana kawa wa pili, miguu mizima! Nailoni usinunue tena. Chagua pamba inayobana kifundo, fua kwa maji baridi, anika upeponi. Nakukumbatia kwa nguvu. Nami sifi mpaka uniletee nyingine.

Bibi yako