Redio mupya ya gari ya Papa

Siku ya ine, Masisi

Na ekra yake, kile kioo cha mbele, bado inawaka bluu, vizuri kabisa! Njo inaniumiza zaidi.

Asubui nilijisifu: "Papa, miye njo enjenyeri. Redio ya kaseti iko ya wazee." Nikangoa ile gari ilitoka nayo ku usine, kule ilitengenezewa, nikakata waya zote na wembe, nikaweka hii ya Japani. Dada Furaha akacheka: "Enjenyeri mwenye aliachia masomo njiani!" Muziki ikapiga mpaka ngombe zikakimbia.

Kisha Papa akatafuta redio yetu ya hapa, ile inasema kila asubui kama barabara iko salama. Namba za FM za hii ya Japani zinaishia tisini. Redio yetu iko ku mia moja na moja.

Nikaunga tena waya za ile ya zamani. Ikatoa moshi, ikanyamaza. Miye na mudomo yangu...

Papa hakunitukana. Alisema tu kesho atapakia fromaji, ile jibini yetu ya kuuza, atateremuka mujini bila kujua kama barabara iko salama.

"Papa, basi twende wote."

"Hapana. Kama kule kuko mubaya, muntu mumoja anatosha."