Kitenzi Ulichonifundisha Tukianika Kakao

Kwako Ambakisye, mwanangu uliyezikwa Hispania,

Unakumbuka siku ulipomleta mkeo hapa Ndandalo? Alinijia uani amenyoosha mkono, nami nikatokomea migombani, kwa kuwa kwetu baba mkwe na mkwe hawatazamani. Mama yako akacheka: "Mwalimu mzima, unakimbia kama umeona nyuki." Mkeo akadhani nimemkataa. Ukamweleza kwamba ile ndiyo heshima yenyewe. Akafikiri kidogo, kisha ukanitafsiria jibu lake: "Basi baba ajifunze lugha yangu. Atazungumza nami amenipa mgongo."

Tukaanza tukigeuza kakao juani. Ulinichagulia kitenzi kimoja tu cha Kihispania, ir, yaani kwenda. Nilikuwa nimefundisha sarufi maisha yangu yote, lakini kile kilinitoa jasho. Voy, naenda. Fui, nilienda. Iba, nilikuwa nikienda. Nikakuuliza, "Mbona watoto hawa hawafanani na baba yao popote?"

"Usitafute mzizi, baba. Kariri tu, kama unavyokariri majina ya wajomba."

Kisha ukanionyesha kwamba iba a, ikifuatwa na kitenzi kingine, hueleza nia: mtu alikuwa amekusudia jambo, iwe alilifanya au hakulifanya. Nikakupongeza kwa maelezo mazuri. Ulikuwa mwalimu kunishinda mimi.

Ulipougua, kila ulipopiga simu uliniambia ukipata nafuu utarudi tuvune pamoja. Nilikupakia chokaa chumba chako. Leo umewekwa ndani ya ukuta wa makaburi ya huko, juu ya watu usiowajua, na babu zako wote wako hapa nyuma ya nyumba. Hakuna pa kupanda mgomba juu yako.

Mkeo hupiga simu ya video kila Jumapili tukitoka kanisani. Mama yako huiegemeza simu kwenye mtungi wake wa udongo uliofinyangwa Matema, nami hukaa nimeipa mgongo. Jumapili iliyopita nilimwuliza lile lililokuwa likinila: "¿Iba a venir?" Alikuwa amekusudia kuja?

"No," akasema. "No iba a ir." Hakuwa amekusudia kwenda.

Sikuhitaji mkalimani, mwanangu. Ulinifundisha vizuri mno.

Nikageuka kumtazama, mimi niliyetunza mila hiyo hadi mvi. Nikaona nywele zake, na mabega yakitikisika. Naye alikuwa ameipa simu mgongo.

"Ndivyo anavyokaa siku zote," mama yako akasema. "Nilidhani unajua."

Basi tumebaki migongo miwili, na wewe uliyekuwa katikati ukituelewesha hupo. Kakao imeiva, inaanza kuozea mitini, na sioni ninamvunia nani. Ndaga, Ambakisye, asante kwa neno ulilonipa. Ningekushukuru zaidi kama ungeniacha bila kulijua.

Baba yako, niliyepaka chokaa