Kaka Yetu Amekaa Nje ya Meza

Shamba la Yttergard,
Hestvika, Norwei.
9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Sigbjørn,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkeo Colleen pia, na watoto wanaendelea vyema na masomo. Mgongo je? Uliniambia huwezi hata kuinama kufunga viatu, na tangu siku hiyo kila nikiinama nakukumbuka. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalokorofisha baridi ikianza.

Kifurushi chako kilifika salama. Zile njugu nilizila peke yangu kwa siku tatu na sina aibu nazo.

Kondoo wote wameshuka mlimani ila wawili. Jua limeacha kufika uani tangu juma lililopita, na unajua halirudi hadi Februari.

Sasa nikujibu. Umeuliza mara mbili kwa nini kaka yetu Arnfinn hashiki simu. Simu yake iko jikoni kwake, dirishani, imezimika. Mwenyewe hayumo. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na tusingefika popote.

Unakumbuka siku tuliyomzika Baba. Tulisimama sisi watatu, mikono juu ya ile pete kubwa ya chuma ya viapo, tukaapa kwamba hakuna kati yetu atakayesema dhidi ya damu yake mbele ya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mwaka uliofuata ukaenda zako Tasmania, ukakiacha kiapo hapa kama mtu anavyoacha koti zito asilolihitaji kwenye joto. Sikulaumu. Ila mimi nimebaki nimelivaa.

Kikundi cha Arnfinn cha kufuata desturi za Waviking wa kale kimekua tangu uondoke. Tuko ishirini na wawili. Watu wa kijijini wanatucheka bado. Oddmund wa feri kila akituona na mashua hutuuliza, “Leo mnavamia monasteri gani?” na Arnfinn humjibu, “Yako, ukichelewesha feri tena.” Lakini hata Oddmund, paa lake lilipong'olewa na upepo, ni sisi tuliopanda kulirudisha, na hakuna aliyemdai asante. Ndivyo tunavyoishi. Mgeni hageuzwi mlangoni. Ukisema utafanya, unafanya. Juma zima Arnfinn ni fundi umeme kwenye mabwawa ya samaki, na Jumamosi ndiye mkubwa wetu, na sijawahi kuona tofauti kati ya yule wa Jumatatu na yule wa Jumamosi. Hadi mwezi wa Julai.

Kwa majira mawili ya baridi alikuwa akisokota henza ya mashua, kamba ile inayopandisha tanga na foromali, boriti inayolibeba, kwa magome ya mti, kama walivyosokota mababu. Viganja vilimtoka damu. Ilikuwa kamba nzuri, Sigbjørn, hata watu wa makumbusho walikuja kuipiga picha. Lakini majira ya kiangazi yaliyopita ilianza kuoza kwa ndani. Siku moja kabla ya safari yetu ya Julai niliishika nikaona nyuzi zinakatika vidoleni. Nikamwambia. Kamba mpya ya nailoni ilikuwa imening'inia bandani, hatua kumi tu. Alisema hataki plastiki kwenye mashua ile, kwamba henza itavumilia safari moja zaidi. Mimi nikanyamaza, maana yeye ndiye mjuzi.

Asubuhi ya safari aliyefunga henza ni Ingunn. Humjui, alihamia hapa miaka sita iliyopita. Ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, palepale ninapopika mimi, mwanamke wa kicheko kikubwa ambacho wazee wasiosikia vizuri hukisikia. Tulipofika katikati ya ghuba upepo ukashika, henza ikakatika, na foromali nzima ikamwangukia Ingunn begani. Nilisikia mfupa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Jioni ile, Ingunn akiwa hospitali, nilimkuta Arnfinn kwenye banda la mashua. Alikuwa amekata kipande kilichooza, anakitia kwenye jiko la kuni. Alinitazama, nami nikamtazama, kisha akafunga mlango wa jiko. Siku iliyofuata aliwaambia watu kwamba fundo lilifunguka.

Hakusema Ingunn alikosea. Alisema fundo lilifunguka, basi. Watu walimalizia wenyewe.

Miezi mitatu, mdogo wangu. Miezi mitatu nimekula na Arnfinn mezani kwangu, kama tulivyozoea tangu alipofiwa na mkewe. Viazi na samaki, saa kumi jioni, yeye upande wa dirisha. Anasifu mchuzi. Anauliza habari za goti. Na asubuhi naenda kazini namkuta Ingunn, amewekwa mezani kuandika majina ya dawa kwa sababu mkono hauinuki kupita kifua, hawezi tena kumnyanyua mzee kitandani. Kicheko kile sijakisikia tena. Kila siku nilipita kati ya hao wawili. Barabara ni moja, feri ni moja, na ningekwenda wapi?

Siku moja mwezi wa Septemba Ingunn alinifuata jikoni nikimenya viazi. Akaniuliza polepole, “Torunn, wewe ulikuwa nyuma yangu. Uliliona fundo langu?”

Nikamwambia sikuwa naangalia.

Akasema, “Nalifunga kichwani kila usiku. Kila usiku naliona limekaa sawa, halafu naamka najua halikukaa.”

Nilimenya viazi hadi vikabaki vidogo kama njugu zako. Baba alitufundisha mambo mawili kuliko yote: sema kweli, na usimwache ndugu. Hakutuambia la kufanya siku yakigongana. Nilimkasirikia Baba, nikakukasirikia wewe uliyeko mbali ambako hakuna anayekuuliza. Kanisani nisingeweza kwenda kutubu, maana siku hizi mchungaji ananijua kama mtu wa mikuki na miungu ya kale. Hata kulala nililala upande mmoja tu, kama niliyefungwa.

Baraza letu la vuli lilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mchana, katika ule ukumbi wa magogo. Desturi ni kwamba mwenye jambo hushika pete na kusema. Ingunn alikuja, mkono kwenye kitambaa shingoni. Akaishika pete kwa mkono mmoja. Akasema fundo lilikuwa lake na kosa ni lake, kwamba angeweza kumuua mtu, na kwa hiyo anaacha nafasi yake kwenye makasia na hatapanda tena mashua yetu. Alisema bila kulia, kama anasoma orodha ya dawa. Kisha akampa Arnfinn pete.

Kaka yetu aliipokea. Nilimwangalia midomo. Nilijiambia sasa atasema, sasa. Akasema, “Baraza limesikia, Ingunn,” akageuka kuiweka pete mahali pake.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kwamba pete ilikuwa ya baridi, na kwamba sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

“Fundo lake halikufunguka,” nikasema. “Kamba ilikuwa imeoza. Nilimwambia Arnfinn siku moja kabla, na baadaye nilimwona akiichoma. Nimenyamaza miezi mitatu kwa sababu ni kaka yangu.”

Ingunn alikaa chini sakafuni, palepale, kama mtoto. Arnfinn alibaki ametugeuzia mgongo. Nilidhani atanifokea, na ningefurahi. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikilia mlango upepo ukivuma, kisha mikono ikachoka.

“Kweli tupu,” alisema. “Na sheria niliandika mimi.”

Sheria yenyewe ni hii: anayemwacha mwingine abebe kosa lake mbele ya pete hukaa nje ya meza hadi siku ya kwanza ya kiangazi kwa kalenda ya mababu, tarehe kumi na nne Aprili. Hakuna mwenzetu anayekula naye wala kusafiri naye. Na anayekula naye huhesabiwa naye nje. Wengine walitaka kupunguza. Mmoja alisema Arnfinn ndiye aliyejenga ukumbi huu gogo kwa gogo. Arnfinn akakataa. Alipiga goti mbele ya Ingunn, akamwambia kitu ambacho hakikuwa chetu kukisikia, akatoka. Jioni ile alibeba godoro akashukia kwenye banda la mashua. Alisema mtu wa nje ya meza akae nje kikweli. Kazini anaenda. Akirudi anawasha jiko, anakaa na mashua.

Nilidhani nikisema nitafunguka. Nilifunguka kwa siku moja hivi. Ingunn alinikumbatia kwa mkono mmoja kazini na kunishukuru, kisha akaniuliza, “Kwa nini ulinitazama usoni ukanidanganya mwezi wa Septemba?” Bado hana haraka ya kunisamehe. Ana haki. Na kwangu, saa kumi jioni ikifika, napika viazi vya watu wawili. Kutoka dirishani naona moshi wa banda. Siku tisa nilikaa na sahani ile, Sigbjørn, nikila mbele ya kiti kitupu. Kumbe nilikuwa nimehama chumba tu gerezani. Kufuli lilikuwa lilelile.

Juzi nikaacha kufikiri. Nikatia sufuria kwenye kikapu, nyama ya kondoo na kabichi, nikateremka na goti langu. Nilimkuta akichonga kijiko. Hakusimama.

“Rudi juu,” akasema. “Ukila hapa utahesabiwa.”

“Najua kuhesabu.”

“Hadi Aprili, Torunn. Hawatakusalimu hata kwenye feri.”

“Oddmund atanisalimu. Yeye hajui kunyamaza.” Nikafunua sufuria. “Nilisema kweli mbele ya watu kwa sababu ni kweli. Nimekuja hapa kwa sababu ni wewe. Sogeza hizo patasi.”

Akakaa akiitazama sufuria hadi nikadhani itapoa. Kisha akazisogeza patasi, moja moja, akafuta benchi kwa mkono wa sweta. Tulikula. Hakusifu mchuzi. Alilia kidogo kwenye nyama, nami nikamwacha alie.

Basi sasa tuko wawili nje. Nimewaandikia wenzetu mwenyewe, wasije wakasikia kwa wengine. Ingunn wamemwomba ashike usukani wa mashua kiangazi kikifika, na kamba itakuwa ya nailoni; Arnfinn mwenyewe aliitia mashuani jioni ile aliyohamia bandani.

Ukipiga simu jioni hutatupata, kwenye banda hakuna mtandao. Andika. Mwandikie yeye, si mimi, na usimpe pole. Mwambie habari za mgongo wako, atafurahi kukucheka.

Msalimie sana Colleen, na Brynjar, na Maeve mdogo. Mwambie Brynjar kofia yake iko njiani. Mungu wa Mama na miungu ya Baba, yeyote aliye karibu zaidi na Tasmania, awalinde na kuwafikisha salama kila mnapokwenda.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Torunn